Nilipoita "Washa!" na hakuna aliyewasha

Leo gari yangu imenidanganya, na sina hata wa kumlaumu.

Asubuhi nilikuwa nabadilisha plagi za haibridi yangu, hii gari ya petroli na betri, hapa nyumbani Kitale. Plagi nne, mikono yote mafuta.

Nikamaliza, nikaita nikiwa bado nimeinamia boneti: "Washa!"

Nikangoja injini ishike.

Si ni mazoea, bana. Mke wangu, Mama Neema, ndiye alikuwa anakaa kwa usukani. Mimi naita, yeye anawasha. Tulimzika kijijini kwetu Bungoma mwezi wa nne.

Basi nikawasha mwenyewe. Taa zikawaka, lakini injini haikunguruma. Haibridi ni hivyo, ikiwa na chaji inatumia betri kwanza. Nikaiacha ikiwa imewashwa, nikaingia jikoni kupika chai.

Mara nikasikia injini inanguruma huko nje!

Nikatoka mbio, sufuria mkononi: "Mama Neema, imeshika!"

Kiti kitupu. Ati betri ilikuwa imeshuka, injini ikajiwasha yenyewe kuichaji.

Plagi ziko sawa kabisa.

Kama uko hapa Kitale, ama hata Kiminini, pitia. Nimemimina vikombe viwili tena.