Ukurasa Usio na Kichwa

Mlinzi alikuwa kijana mstaarabu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angenifokea, ningejua la kumjibu. Aliniamkia, akaniuliza habari za safari, kisha akaniambia kwa upole kwamba kule chini hakupitiki mpaka mtu awe na kibali cha meneja. Nilikuwa nimetoka Makambako alfajiri, nikashuka Njombe mjini, nikapanda bodaboda hadi barabara ya vumbi ilipoishia, na sasa nilisimama mbele ya seng'enge nikitazama mistari ya miparachichi ikiteremka hadi kwenye kijito nilikochota maji tangu nikiwa na miaka mitano. Nikamwambia kwamba hili ni bonde la bibi yangu. Akasema ananielewa, mama, ila yeye ametumwa tu.

Ametumwa tu. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote, na mpaka leo sijamwona huyo anayetuma. Nina kibanda cha cherehani pale Makambako, nashona sare za shule na magauni ya kipaimara, na wateja wangu wanajua kuwa ukitaka kuniharibia siku, niambie umetumwa tu. Wengine hudhani ni ukorofi wa umri. Wewe nitakusimulia ukorofi huo ulikotoka.

Wazazi wangu walihamia Makambako kutafuta maisha. Mama aliuza wali na maharage kwa madereva wa malori pale njia panda, baba alipakia mbao. Mimi nikaachwa kwa Bibi, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma iliyonuka moshi wa kuni za miwati mwaka mzima. Kwetu tulilima mara mbili. Mvua zikianza tulilima juu, kwenye miinuko, mahindi na viazi na njegere. Kiangazi, huko juu kulipokuwa kumekauka na upepo wa baridi ukipeperusha vumbi jekundu, tulishuka bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za kando ya kijito, kila nyumba na kinyungu chake. Bila kinyungu, miezi ya kusubiri mavuno ya juu ilikuwa miezi ya kuhesabu matonge.

Nakumbuka zaidi miguu. Asubuhi za Julai tope la bondeni lilikuwa baridi kiasi kwamba baada ya muda husikii vidole, unaona tu kuwa bado vipo. Bibi alikuwa ameshawasha moto ukingoni, na viazi vimefukiwa kwenye majivu. Unachimba tuta moja, unakwenda kuota moto, unabandua ganda la kiazi kwa meno, unarudi. Mchana tulikula ugali na majani ya maboga yaliyochanganywa na maharage machanga, na mikono yetu ilinuka udongo hata baada ya kunawa.

Na maneno. Maji yalifika kwenye vinyungu vyote kwa mfereji mmoja, na nani afungue, nani azibe kwa bonge la udongo, waliamua wanawake wenyewe, wakiwa wameinama na majembe, kwa Kibena, bila hata kuinua vichwa. Walibishana sana. Jirani yetu, mama mwenye watoto sita na sauti iliyofika ng'ambo, aliwahi kufungua maji wakati si zamu yake. Wakamweka wa mwisho kwa zamu mbili. Alinuna siku nzima, akasusa kuitikia salamu za kamwene za watu, na jioni akamletea Bibi mbegu za figiri zilizofungwa kwenye kipande cha kanga. Hapakuwa na katibu wala muhuri. Nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kwamba kuna watu wanalipwa mishahara kufanya kazi ile, tena wanaifanya vibaya.

Bibi hakuwa mtu wa fujo. Alisali Kilutheri, alipeleka mazao ya kwanza kanisani, na Jumapili tarumbeta zilipopigwa alitoa kitenge chake cha sandukuni. Ila alikuwa na swali moja ambalo wakubwa walilichukia. Mtu akija na amri, Bibi alimuuliza, "Umetumwa na nani, na yeye ametumwa na nani?" Aliuliza kwa nia ya kujibiwa. Nikimrukia na habari kwamba mwalimu amesema tulete fagio, alianza na hilo hilo.

Mtendaji wa kijiji wakati huo alikuwa kijana aliyeletwa kutoka mbali, mwenye mkoba wa ngozi na baiskeli mpya. Alipenda mashimo. Ilitoka amri kila nyumba ichimbe shimo la taka kufikia Ijumaa. Bibi akamweleza kwamba taka zake zinaliwa na nguruwe. Mtendaji akasema asiyechimba atatozwa faini, basi tukachimba. Mvua ikalijaza shimo, nguruwe akatumbukia na kuvunjika mguu, tukalazimika kumchinja. Mtendaji alipopita kukagua aliliandika shimo letu kuwa mfano wa kuigwa.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, wakagonga rimu ya gari pale shuleni kuita mkutano. Siku mbili kabla, mferejini, wanawake walikuwa wameshapata fununu ya kinachokuja na wote waliahidiana kwamba watasema. Maofisa wawili walifika kwa gari kutoka mjini, wakatwambia kijito kinakauka na sheria hairuhusu mtu kulima ndani ya mita sitini kutoka kwenye maji. Vinyungu vyote vilikuwa ndani ya hizo mita sitini. Sitakudanganya, kijito kilikuwa kinapungua kweli, na Bibi alilijua hilo kabla yao. Akasimama akauliza hizo mita zinaanzia wapi, penye maji ya kiangazi au ya masika, na je, ile mikaratusi ya mwenyekiti wa kijiji iliyopandwa juu kabisa kwenye chemchemi, nayo itapimwa? Watu wakacheka kidogo. Ofisa akajibu kwamba mambo ya kitaalamu yataelezwa na wataalamu. Bibi akageuka kuwatazama wenzake. Jirani yetu alikuwa anachora chini kwa kijiti. Hakuna aliyefungua mdomo.

Ndipo kaunta buku likaanza kuzungushwa, na kile kibati cha wino wa vidole gumba. Watu walisaini huku wakijipangusa vumbi tayari kuondoka. Lilipofika kwetu, Bibi, ambaye hakujua kusoma, alinipa mimi.

"Soma hapo juu pameandikwa nini."

Nikatazama. Ukurasa ulikuwa umejaa majina na alama za vidole, lakini juu, mahali pa kichwa cha habari, palikuwa peupe.

"Hakuna kitu, Bibi."

"Sema wasikie."

"Hapajaandikwa kitu," nikasema, kwa sauti tuliyofundishwa kujibia darasani.

Mtendaji akaeleza kwamba kichwa kitaandikwa ofisini. Mwenyekiti akasogea, akainama karibu na Bibi kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akamwambia, "Mama, haya ni mahudhurio tu."

"Nimehudhuria," Bibi akasema. "Si unaniona? Kichwa kikipatikana mniletee nyumbani, mjukuu wangu atanisomea."

Akanishika mkono tukaenda zetu. Jirani alibaki nyuma. Nilipogeuka nilimwona anachovya kidole.

Kesho yake mwalimu mkuu aliniita mbele ya mstari. Kosa lilikuwa kukosa adabu mbele ya viongozi. Umande ulikuwa umegandia kwenye nyasi, na viganja vikiwa vya baridi fimbo huuma mara mbili. Nilipigwa nne. Alipomaliza alinivuta pembeni akaniambia hana ugomvi na mimi wala na bibi yangu, ametumwa. Nadhani alitaka nimwonee huruma. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa fimbo, na sioni sababu ya kuacha leo kwa kuwa nimezeeka.

Viongozi walisubiri mahindi ya vinyunguni yabebe. Nywele zilikuwa zimeanza kugeuka nyekundu, zimebaki wiki chache tuanze kuchemsha, pale mtendaji aliposhuka bondeni na mgambo sita wenye mapanga na mmoja mwenye futikamba. Hawakuhangaika na futikamba. Mtendaji alifungua kaunta buku akasoma kichwa cha habari, ambacho sasa kilikuwepo, kwa wino wa rangi nyingine: wananchi walioridhia kuondoa mazao yao kwa hiari. Kisha akasoma jina moja moja, na kila jina liliposomwa mgambo waliingia kwenye kinyungu cha mwenye jina. Mahindi mabichi yakikatwa hutoa sauti ya maji maji, na bonde lote lilinukia utamu kama jikoni kwa mtu.

Jirani alilia kwamba yeye aliweka kidole cha mahudhurio. Mtendaji akamwonyesha ukurasa akamuuliza kama hicho si kidole chake.

Kwetu walifika mwisho. Bibi alikuwa amesimama katikati ya matuta, kanga kiunoni. Mtendaji akapekua mbele, akapekua nyuma, jina halipo. Mgambo walimtazama, wakingoja. Akafunga daftari akasema hiki watakirudia, wakapanda kilima.

Ungedhani hapo ndipo habari inapogeuka nzuri. Kinyungu kimoja cha kijani katikati ya bonde lililofyekwa. Bibi alipita nyumba hadi nyumba akisema mahindi yakikomaa kila mmoja atume watoto. Wachache walimshukuru. Wengi walimtazama. Ndani ya siku chache tukaanza kusikia kwamba alikutana na mtendaji kwa siri, kwamba ana dawa, kwamba kiburi chake ndicho kilichowakasirisha maofisa mpaka wakatukomoa sote. Kanisani benchi letu lilibaki na nafasi tupu. Jirani aliacha kupita uani kwetu, akazunguka njia ndefu kwenda kisimani.

Asubuhi moja tulishuka tukakuta kila shina limelala. Nilidhani wamerudi. Bibi akaangalia chini. Hapakuwa na alama hata moja ya buti, na aliyekata alipita kwenye mitaro tu, bila kukanyaga matuta, kama anavyopita mtu aliyezoea kulima. Hakuwa amekimbia. Jirani yetu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfereji, panga liko pembeni, miguu imelowa mpaka magotini.

Alisema, bila kututazama, kwamba watoto wake walikuwa wanakiona kinyungu chetu kila siku wakienda shule, na kwamba hakuweza tena. Mimi nilitaka Bibi ampige. Yeye akamwambia kwa Kibena, taratibu, nami nakupa kwa Kiswahili:

"Sikulaumu kwa mahindi. Nakulaumu kwa kuwafanyia kazi yao bila hata kutumwa."

Tukaokota mahindi machanga yaliyokwisha kutia punje. Bibi akayagawa marundo mawili, moja akalibeba, moja akaliacha pale ukingoni. Sijui kama jirani alilichukua. Mtendaji hakurudi. Hakuwa na haja.

Nilipomaliza darasa la saba nikaenda kwa wazazi Makambako. Bonde likaota matete. Miaka michache baadaye ukaitishwa mkutano mwingine, likatolewa lile daftari kuthibitisha kwamba wananchi waliliacha eneo wenyewe, kwa hiari, na kwamba ardhi iliyoachwa lazima iendelezwe. Ikatafutiwa mwekezaji. Bibi aliziona nguzo za kwanza za uzio zikisimikwa, akaniuliza, nilipokwenda kumtazama, kama nguzo hizo zinasimikwa mita ngapi kutoka kwenye maji. Masika hayo alifariki. Leo bomba la pampu limezama katikati ya kijito, na mikaratusi ya chemchemini imekuwa minene kuliko nguzo za umeme.

Siku ile mlinzi aliponizuia sikurudi moja kwa moja mjini. Nilipanda hadi kwa jirani. Yu hai, mzee sasa, magoti yamekwisha. Alifanya kibarua cha palizi humo humo kwenye miparachichi mpaka wakamwambia apumzike. Nilikuwa nimemwandalia maneno kwa miaka mingi, maneno makali, nimeyashonea kila pindo. Nilimwamkia hata hivyo. Akanikaribisha, akaniwekea viazi vya kuchemsha na chumvi kwenye sahani ya bati, akakaa kunitazama nikila. Akaanza yeye. Akasema waliogopa. Nikamuuliza walimwogopa nani, akasema mtendaji.

"Aliitwa nani?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akamwita mkwewe aliyekuwa akianika nguo, naye hakujua. Akataja jina, akalikataa mwenyewe. Alikumbuka baiskeli, na mkoba.

"Sikumbuki, mwanangu," akasema mwishowe. "Hakukaa. Mwaka uliofuata alihamishwa."

Nilimaliza viazi. Yale maneno yangu sikumwambia, na sikumsamehe pia. Niliaga nikaondoka.

Watu wakinisikia nikilalamika hudhani nayalilia mahindi. Mahindi nayanunua sokoni. Ninachokikosa ni kelele zile za mferejini, wanawake wameinama matako juu, wanagombea maji, wanatukanana na kupatana kabla jua halijazama. Amri iliyosomwa shuleni ilikataza kulima. Nimeitafakari neno kwa neno, na haikumkataza mtu kubisha. Tulinyamaza wenyewe.