Kitabu Chenye Kingo Nyeupe

"Aliyekupa kitabu hiki alikipendea nini?" shangazi aliniuliza, na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, mwenye maoni juu ya kila kitu, nikafungua tu ukurasa wa kwanza.

Nilikuwa nimerudi Dutwa likizo, msimu wa kuuza pamba. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika. Sasa yalikuja malori ya wanunuzi binafsi, kila moja na mizani yake, na wakulima wakaanza kulaza pamba ndani ya nyumba wakimsubiri atakayepandisha bei. Malori hayo yalileta na riwaya. Madereva walizisoma safarini, wakizimaliza wakamwachia fundi baiskeli mwenye kibanda mkabala na ghala. Fundi alizipanga kwenye sanduku, chini ya spoku na viraka, akamwazima yeyote aliyetaka.

Zilikuwa riwaya za kuuana. Watu walichinjwa hotelini, walitupwa kutoka ghorofani, walipigwa risasi wakiwa wanaoga. Sisi tuliokuwa tukisubiri zamu ya mizani tulizisifia kwa kipimo kimoja: damu imwagike kabla ya ukurasa wa kumi.

"Humo wamekufa wangapi?"

"Sita. Mmoja kwa shoka."

"Shoka tumeshalizoea. Hakuna kingine?"

Fundi alikuwa na kipimo chake. "Msomi, usidanganywe na jalada," aliniambia. "Tazama ukingo." Akanionyesha kurasa zilizokuwa nyeusi pembeni, zenye grisi na mchuzi uliokauka. "Mtu akisahau kunawa, ujue humo ndani kuna anayefukuzwa."

Chuoni nilikuwa nimesikiliza mihadhara mingi ya uhakiki, na hakuna mhadhiri aliyenipa jambo ninaloweza kulijaribu mwenyewe. Hili nililijaribu. Hakukosea hata mara moja.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiishi peke yake ng'ambo ya njia, kando ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Alipenda sehemu za vipigo. "Mwongeze," alimwambia mpelelezi, kana kwamba yumo chumbani. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa sababu kwetu miti iliisha kabla sijazaliwa na alikuwa amepikia mavi ya ng'ombe na vijiti vya pamba kwa miaka arobaini. Nilimweleza kila mtu kwamba ule ni moshi. Walinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu wa chuo, kisha wakaendelea kuamini walichoamini. Msimu ule mtoto wa ukoo wetu alikuwa amekufa kwa homa, na mganga alikuwa amesema aliyemla kichawi hayuko mbali, na macho yake si meupe.

Mwezi mmoja kabla, ng'ambo ya mto, bibi mmoja alikatwa mapanga jikoni kwake akisonga ugali. Nilikwenda mazishini. Sufuria ilikuwa bado pale, mwiko umesimama katika ugali uliokauka. Hakuja mpelelezi yeyote. Alikuja askari mmoja, akaandika, akaomba lifti kwenye lori la pamba. Wiki ileile nilikuwa nasoma riwaya ambamo mwanamke anakatwakatwa, nikaiona nzuri, nikawapendekezea watu wawili. Mpaka leo sijapata namna ya kujitetea kwa hilo.

Alasiri moja nilimkuta fundi akikaza mnyororo wa baiskeli ya vijana wawili nisiowajua. Kwenye fremu kulikuwa na kitu kirefu kilichofungwa gunia na kukazwa kwa mpira. "Mwadila," nikasalimu. Fundi peke yake ndiye aliyeitika. Vijana walipoondoka kuelekea mtoni, fundi alinawa mikono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akatoa kitabu kinene kuliko vyote sandukuni.

"Hiki. Msomee shangazi yako leo."

"Kingo zake nyeupe, fundi. Hakijaguswa hiki."

"Msomee kwenu, siyo kwake. Kwenu kuna taa nzuri."

"Kinahusu nini?"

"Maswali hayakuishi, msomi. Jua likizama uanze, usimwachie mpaka kiishe."

"Kurasa mia nne?"

"Chote."

Hakunitazama. Alikuwa anagonga ringi ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Baba na mama walikuwa msibani Zagayu, hivyo tulikuwa wawili tu nyumbani. Shangazi alikuja akilalamika, akaniuliza lile swali, akakaa. Kurasa za mwanzo walikuwepo makarani wawili wakibishana juu ya wosia.

"Huyu hajafa?"

"Bado."

"Basi muue tukalale."

Alisimama mara mbili aende kwake. Mara ya pili alishika na fimbo. Nilimzuia kwa ubishi wangu tu. Nilitaka kufika mwisho nimkamate fundi katika kosa lake la kwanza. "Sura inayofuata ina panga, shangazi," nikamdanganya. Akakaa.

Ndipo mbwa wake akabweka ng'ambo ya njia. Akabweka sana, akalia mara moja, akanyamaza.

"Mbwa wangu," shangazi akasema, akaenda mlangoni.

Hapo ndipo nilipouona tena akilini ule mzigo kwenye fremu, na urefu wake. Nilipuliza taa, nikatia komeo, nikamvuta chini na kumziba mdomo. Aliniuma. Nilimshikilia huku damu ikinichuruzika kiganjani, na alama ya meno yake ninayo. Katika riwaya zetu panga lilikuwa likivuma, likilia. Tulichosikia sisi kilifanana na mtu anayekung'uta blanketi lenye vumbi, bila haraka, pigo baada ya pigo.

Asubuhi mbwa alikuwa mlangoni kwa shangazi, kichwa kikishikiliwa na ngozi tu. Ndani, shangazi alikuwa ameweka magunia mawili ya pamba kitandani, moja mbele ya jingine, yasiliwe na mchwa, akayafunika blanketi lake. Mwenyewe alikuwa akilala kwenye ngozi karibu na mafiga. Gizani walikuta kitu kirefu kimelala, kimefunikwa. Walikikata, blanketi na magunia, mpaka kwenye kamba za kitanda. Pamba ilikuwa imetapakaa kila mahali, na nyingine ilikuwa nyekundu, walikofutia mapanga damu ya mbwa.

Shangazi aliinama, akaokota pamba kidogo. "Na nilikuwa nimeichambua yote," akasema.

Wiki hiyohiyo alihamia Nyalikungu kwa mdogo wake mwingine, akaishi huko miaka mingi, akafa kwa maradhi. Hakuna aliyeshtakiwa. Shamba analilima mtu wa ukoo wetu. Hunisalimia, nami huitikia.

Nilimwendea fundi. "Ulijua."

"Nilijua nini? Mimi nilipendekeza kitabu."

"Ungesema wazi."

"Nani aseme, msomi? Wewe wiki ijayo unapanda basi. Mimi nakaa hapa." Akachukua kiraka, akakikwangua. "Kilikuwa kizuri?"

"Kibaya sana."

"Basi kirudishe."

Sikukirudisha. Leo watu wakiniuliza wasome riwaya gani, sihesabu maiti tena. Huwaambia watazame ukingo. Lakini kitabu kile kilinisumbua. Kwa miaka niliamini fundi alikuwa amekisoma chote, na kwamba kati ya vitabu vyake vyote vya damu, siku ile alimchagulia shangazi kwa makusudi kile ambamo hafi mtu. Nadharia hiyo niliwahi kuieleza mbele ya wasomaji wenzangu, nao wakaisifu.

Fundi alipofariki nilikwenda msibani na kitabu chake mkononi, nikamkabidhi mjane wake. Alikipima uzito, akanirudishia.

"Kaa nacho, mwanangu," akasema. "Alikuwa anaviweka kwa ajili yenu. Yeye hakujua kusoma."