Mstari Alioushusha Agathe

Siku Hemedi alipomwona Agathe kwa mara ya kwanza, Agathe alikuwa akishuka kwenye pikipiki, kompyuta ameifunga kifuani kwa kitenge. Ulikuwa mwaka ule vita vilipoingia Goma, na wakimbizi walikuwa wakifika Kisangani kwa malori ya njia ya Bafwasende. Ofisi ya misaada ilimwajiri Agathe aandike programu ya kadi za chakula. Hemedi alikuwa mwangalizi wa jenereta tu.

Agathe aliandika kwa lugha ya kompyuta ya Python, kwa kutumia zana zake za Django, sehemu mbili: ya kuandikisha familia na ya kugawa chakula. Siku ya kufungua, programu ikakataa kuanza. Kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumweleza, alimweleza Hemedi. Faili ya familia, mstari wake wa juu kabisa unaita faili ya chakula. Ya chakula nayo, mstari wa juu, inaita ya familia, ambayo haijamaliza kusomwa. Basi zote mbili zinaanguka.

Alitaka kuvunja yote na kuyapanga upya, yakae vizuri. Siku tatu macho yakawa mekundu, na programu bado imelala.

Nje kwenye benchi, kati ya wakimbizi, alikaa Odile, dada yake Hemedi, na watoto wanne. Bila kadi hakuna unga. Hemedi aliona haya kusema ni ndugu yake, isije ikaonekana anaomba upendeleo. Alipita na bidoni ya mafuta akiangalia chini. Lakini siku ya tatu mtoto mdogo hakulia tena, alilala tu mdomo wazi. Hemedi akaingia.

“Mademoiselle, ule mama wa benchi... iko dada yangu.”

“Siku tatu, tonton, na unanyamaza? Uko mutu gani?” Agathe alimwuliza; tonton, yaani mjomba, ndivyo alivyozoea kumwita.

Agathe akaacha mpango wake mzuri. Akaushusha ule mstari wa kuita faili ya chakula, akauweka ndani ya kile kipande cha programu kinachotoa kadi, usomwe wakati kadi inapotolewa tu, faili zote mbili zikiwa zimekwisha kusomwa. Programu ikaanza. Mchana Odile akapata unga.

Henri, mkubwa wa ofisi, alikasirika. Alikuwa amesoma mahali kwamba mistari yote ya kuita faili hukaa juu. Agathe hakubishana, alikuwa amechoka, na juma lile aliitwa kwenda mji wa Kindu kwa kazi nyingine.

Mlangoni alimwambia Hemedi, “Bon, tonton. Henri akitaka kurudisha ule mustari juu, umukatalie, programu italala tena. Haya yako uiweke pembeni, siku moja tu.”