Matundu Mawili ya Gari la Mangi

Nakumbuka masika moja, mwanangu, nilipokuwa ndiyo kwanza nimepata kibaraza changu cha kushonea viti vya magari, Gerezani, pembeni mwa Kariakoo. Nyumba ilikuwa ya Bi Tatu, mama mtu mzima kutoka Lindi. Kazi nilikuwa naiweza. Ulimi ndio ulikuwa mzito. Mteja akianza kueleza, nilijibu "sawa" kabla hajamaliza, ili aondoke nirudi kwenye sindano yangu.

Siku hiyo alikuja muuza vitenge wa mtaa wa pili, Mchaga, sote tukimwita Mangi. Alikuwa na gari jeupe la wazi, lile ambalo paa lake ni turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Alilikodisha kwa maharusi. Safari hii bibi harusi alikuwa binti yake mwenyewe, Jumamosi hiyohiyo.

"Kijana, ndani humu mna bwawa," aliniambia. "Mvua ikinyesha, zulia linaelea. Mwanangu ashuke kanisani na gauni la tope? Mama yake atanihamisha nyumba. Utaweza?"

"Sawa," nikasema.

Nilipaswa kumuuliza maji huonekana upande gani kwanza, gari likisimama au likitembea. Sikuuliza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nikalishika neno la kuziba peke yake. Nikanunua silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, nikapaka kila mshono wa turubai na kila ukingo wa kioo. Nyuma ya viti, kwenye mfereji ambamo paa hulala likikunjwa, nikaona matundu mawili, moja kila upande. Nikajiambia, adui nimemwona. Nikayajaza silikoni mpaka yakafura.

Kesho yake ikanyesha mvua ya Dar, ile inayogeuza bonde la Jangwani kuwa ziwa. Nilipofungua mlango wa gari, maji yalinimwagikia miguuni. Yalikuwa mengi kuliko yale ya Mangi. Mwanangu, hofu ni fundi mbaya. Nilichukua mkasi nifumue turubai lote nishone jipya, na Jumamosi inakaribia.

"We Saidi, unakata nini?" Bi Tatu aliita kutoka mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Turubai limeoza."

"Marahaba. Limeoza, au wewe umechanganyikiwa? Umeona maji yanapoingilia?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi unamfunga bandeji ya mguu mgonjwa wa kichwa. Weka mkasi chini. Ingia ndani, funga mlango, nikumwagie maji."

Alichota maji kwa kopo, akaanza chini, kwenye milango. Hakumwaga kwa fujo; alimwaga mahali pamoja, akangoja. "Vipi huko?" "Pakavu, bibi!" Akahamia kwenye vioo, kisha mbele, juu ya usukani. Hapo likanidondokea tone puani. Raba ya ukingo wa paa ilikuwa imetoka mahali pake. Nikaweka alama ya chaki. Kwenye turubai lenyewe, pakavu. Mwisho akamwaga nyuma. Maji yakatelemka mferejini, yakapanda taratibu kama chai kwenye kikombe, yakafurika nyuma ya kiti mpaka kwenye zulia.

Bi Tatu alicheka hadi akaegemea gari. "Mjukuu wangu, umeligeuza gari la watu ndoo! Mvua ikitelemka hapa inatafuta pa kutokea, na wewe umeifungia mlango. Nikiacha majani kwenye mfereji wa bati langu, si maji yataingia sebuleni bati likiwa zima?"

Nikakwangua silikoni. Bado maji hayakuondoka. Nikaingiza uzi mnene wa plastiki, polepole nisije nikatoboa mpira wa ndani unaopeleka maji chini ya gari, nikauzungusha. Kikatoka kitu cheusi kama ugoro: maua ya waridi yaliyooza, karatasi za kumetameta, punje za mchele. Harusi zote za mji zilikuwa zimelala mle. Maharusi walimwagiwa maua paa likiwa wazi, halafu hakuna aliyekumbuka kufagia. Huo ndio ulikuwa ugonjwa. Mimi niliuongezea wa kwangu. Maji yalipotoka chini ya gari kwa kelele, Bi Tatu akapiga kigelegele kama aliyesikia mtoto amezaliwa.

Kisha akaacha kucheka. "Kuona haya ni kitu chema, Saidi. Haya zikuzuie kuiba, zisikuzuie kuuliza. Mangi akija umweleze mwenyewe."

Nilibandika raba ya mbele kwa gundi, nikaanika zulia na sponji yake ukutani, maana sponji ikibaki na maji gari hunuka mwezi mzima. Mangi alipokuja, nikasema yote: turubai ni zima, matundu niliyaziba mimi, maua yafagiliwe mferejini kabla paa halijafungwa.

Alilipapasa zulia pale ukutani. "Kumbe una sauti! Basi Jumamosi uje mwenyewe uwaambie wale wapambaji. Mimi hawanisikii."

Nikaenda. Mvua ilinyesha njia nzima. Binti alishuka mlangoni mwa kanisa na gauni lake jeupe likiwa kavu hadi ukingoni, na baadaye kwenye sherehe mama yake akawa analia kwa furaha huku akinisukumia sahani ya pilau.

Mwanangu, ukiletewa kitu kinachovuja, kiwe gari, kiwe nyumba, iwe ndoa yako, usikimbilie kuziba. Kaa ndani, mwenzako amwage nje, mtafute pamoja. Mara nyingi kinachotusumbua si kilichoingia, ni kilichokosa pa kutokea. Na kama una haya, uliza hivyohivyo na haya zako, sauti itetemeke, uulize. Kuuliza si ujinga.

Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lenye subira. Akujalie mkubwa wa kukucheka bila kukuvunja, na kila masika ikukute pakavu. Amina.