Nilibaambia Bavuke, na Bahari Sikuijua

Bandugu, mi njo nilikosa. Muntu asinitetee. Shetani hakunishika mkono, njaa haikunituma, na hakuna mwenye alinidanganya. Mi njo nilidanganya, na saa ya kusema ukweli ilipofika, nikakimbia.

Naandika nikiwa Dzaleka, kambi ya bakimbizi hapa Malawi. Jina sitaweka. Hata rafiki yangu nitamwita Solange, na si jina lake. Kama utanitambua, tafadhali nihurumie, usinisemee mbele ya batoto bangu.

Mi ni wa Bukavu. Nilisoma, hata université nilikanyaga kidogo mbele ya vita kutukimbiza. Hapa kambini nilijifunza kazi ya mtandao: bantu ba mbali banakuomba kazi, unaifanya kwa kompyuta, unabatumia. Mi nilichagua kupangia bantu safari, juu napenda ramani tangu utoto. Nikiangalia ile picha ya kupigwa toka juu angani, nakuambia wapi kuna kona, wapi kuna esanse ya kutia gari, wapi unaweza simamisha gari ukalala. Kiburi yangu ilianzia pale.

Lakini kazi haikukuja. Nani atamuachia muntu wa kambi ya Malawi amupangie safari ya Ulaya? Basi nikajibadilisha. Nikaandika kwamba naitwa Grace, nimezaliwa kwa pwani ya kaskazini ya Uingereza, na nyumba yangu inaangalia bahari. Nikaweka na picha ya nyumba ya mawe. Solange alipoona, alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza, sasa Grace, mule ndani nsima, ile ugali yetu, munapikia wapi? Tukacheka sisi bote. Mungu wangu, tulicheka!

Solange ni Munyarwanda. Eko na duka ndogo ya kushona kule Area 25, mtaa mumoja wa Lilongwe. Kwake umeme haikatike sana na mtandao inashika, njo maana nilikuwa nashuka Lilongwe kufanyia kazi nyuma ya duka, mara zingine bila kibali ya kutoka kambini.

Basi akakuja Susan. Muzungu, mama muntu muzima, mwenye alikuwa na baba yake muzee sana. Muzee alitamani kuzunguka ile pwani mara moja tena wakati nguvu ingali kidogo. Balikodi ile gari yenye kitanda na jiko ndani, unaendesha na unalala mule mule. Susan akaniomba nibapangie fasi ya kusimama na fasi ya kulala, tangu kusini mpaka kaskazini. Aliandika kwamba amenichagua mi juu niko mwenyeji. Mwenyeji! Nilisoma lile neno, nikajisikia mukubwa.

Na kazi niliifanya vizuri, hapo sidanganye. Nilitafuta fasi yenye upepo haipige sana, na yenye muzee hatapanda ngazi. Akaanza kunitumia salamu kupitia binti yake. Siku moja aliuliza kama ndege ba bahari banapiga kelele kwangu asubuhi. Nikajibu, ee, hata kulala banatukataza. Susan akasema muzee alicheka mpaka akakohoa.

Kwa ile pwani kulikuwa kisiwa kidogo. Kwa picha ya angani niliona barabara ya lami inakatisha mchanga mukavu mpaka kisiwani. Mchanga mupana, daraja hakuna, boti hakuna. Nikaandika: mutavuka mangaribi, mutalala ng'ambo. Sikusoma kitu kingine. Ningesoma nini? Mi ni mutoto wa Ziwa Kivu. Kwetu maji unaiacha jioni, asubuhi unaikuta pale pale. Ziwa ya hapa Malawi ni vile vile. Nilijua bahari iko na chumvi na mawimbi, basi, ikaishia pale.

Ile siku nilikuwa dukani kwa Solange, jua ikishuka. Susan akaandika kwamba bamefika kwa ile barabara, lakini pembeni kuna kibao yenye saa za hatari, na kibao inasema sasa si saa ya kuvuka. Akamalizia: "Grace, wewe ni mwenyeji. Tuvuke, ama tungoje?"

Bandugu, pale mulango ilikuwa wazi. Neno moja tu: sijui. Ningesema sijui, bangengoja, bangekunywa chai yao ndani ya gari. Lakini Grace atasemaje hajui? Grace amezaliwa pale. Nikaandika: "Hiyo kibao ni ya bageni. Sisi ba hapa tunavukaka tu. Mwende."

Balienda.

Haikupita muda, ikaingia picha. Ule mchanga wote umekuwa maji. Barabara ilionekana kidogo tu mbele ya gari, halafu inapotea. Chini aliandika kwamba maji inakuja mbele na nyuma. Nilimuonyesha Solange, nikamuuliza, hii maji inatoka wapi na mvua hainyeshe?

Solange, mbele ya kufika Malawi, alikaa Tanga miaka mingi. Alishika simu, akaangalia, na uso wake ikabadilika. Akanielezea kwamba bahari inapwa na inajaa, inatoka na inarudi kila siku, hata batoto badogo ba Tanga banajua, na ikirudi haibembeleze muntu. Kisha akasema pole pole: "Umebapeleka ndani ya bahari."

Simu inalia mukononi: gari imezima, maji imeingia, baba anatetemeka, nifanye nini? Jibu ilikuwa rahisi. Niandike kwamba aite baokoaji, kwamba mi niko mbali na sijui kitu. Badala yake nikaandika neno moja: "Nakuja."

Mpaka leo sijui kwa nini. Labda ni vile unamuambiaka mutoto mwenye analia. Kisha nikazima simu.

Solange alinigombeza niiwashe, nikakatala kabisa. Niliona bazungu bamekufa kwa mukono yangu. Niliona polisi banafuata ile kompyuta mpaka nyuma ya duka, bananikuta bila kibali. Niliona dosye yangu ya kuomba kupelekwa kuishi inchi ya inje, miaka yote ya kungoja, inapasuliwa. Nikatoka bila kuaga, nikapanda gari ya kwanza ya kurudi kambini. Niliposhuka, kijana wa kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, alinishika bega kuniuliza kama ninaenda, na mi nikapiga kelele. Nilifikiri ni polisi!

Nyumbani nsima haikushuka. Kila mwenye alipita inje, nilijua anakuja kwangu. Niliogopa hata kuomba, juu Mungu angeniuliza simu iko wapi.

Kesho yake Solange alikuja mpaka Dzaleka. Alikuwa amefunga duka, yeye mwenye hafungake hata kwa malaria. Aliingia, akasukuma mulango nyuma yake, akaniita mama, kwa jina ya mutoto wangu wa kwanza. Alikuwa ametafuta habari za kule kwa simu yake. Balipona! Balikutwa juu ya gari, binti amemukumbatia baba. Nilianguka magoti, nikaanza wimbo wa shukrani. Solange akanifunga mudomo na mukono.

"Ngoja," akasema. "Banatafuta muntu wa tatu."

Nikamuuliza nani.

"Mama mumoja wa pale, jina Grace. Aliandika kwamba anakuja kubasaidia, na hakuonekana tena. Tangu jana beko ndani ya maji banamutafuta."

Wapendwa, sikuwahi kuogopa vile, hata siku tulitoka Bukavu. Mi nimeketi kwa kitanda yangu, mukavu, na kule mbali bana ba bantu banashuka kwa maji ya baridi kutafuta maiti yangu. Solange akaniambia boti moja ilipinduliwa na mawimbi, mumoja wao akavunjika muguu.

Na hata pale, sikia ubaya wangu, sikutaka kuwasha simu! Nilimuambia Solange tubaache bachoke. Grace akufe tu, mambo iishe. Aliniangalia kama muntu hanijui. Akasema bale nabo beko na bamama zao banabangoja nyumbani, na kama nitabaacha ndani ya maji, mi na yeye tumeachana siku ile. Akatoa simu yangu chini ya muto, akanipa, akaketi mbele ya mulango.

Nikaiwasha. Zikaingia jumbe za Susan moja nyuma ya ingine. Grace, usikuje, maji ni kali, rudi. Grace, uko wapi? Grace, sisi tumepona, jibu neno moja tu. Tafadhali.

Niliandika yote. Kwamba niko Malawi, ndani ya kambi. Kwamba bahari sijaionaka kwa macho yangu hata siku moja. Kwamba Grace hakuna, aambie bale bantu batoke majini, muntu asikufe juu yangu. Nikatuma.

Jibu haikukuja siku ile, wala ya kufuata. Nikaacha kushuka Lilongwe, nikaacha kazi. Gari yoyote ikisimama karibu, naingia ndani na kushika batoto.

Polisi hawakukuja. Kilichokuja ni barua ya Susan.

Aliandika kwamba boti ilipobafikia ile jioni, baba yake alikatala kupanda. Aliambia baokoaji kwamba yeye eko na gari ya kukaa juu yake, lakini kuna mama eko peke yake ndani ya maji kwa ajili yao, baende bamutafute yeye kwanza. Balibembeleza, akakatala. Bakabishana, na baridi ikazidi kumuingia kwa kifua. Hospitalini, kila mwenye aliingia, alimuuliza kama Grace amepatikana.

"Wakati huo nilikuwa nimeshasoma ukweli wako," Susan aliandika. "Nikamwambia ndiyo, umepatikana, uko mzima. Akashika mkono wangu, akamshukuru Mungu kwa ajili yako. Kisha akalala, hakuamka tena. Usiniandikie."

Sijamuandikia. Nitamuambia nini?

Juzi mama mumoja kanisani aliniuliza magari ya Nathenje inapandiwa wapi. Najua vizuri, nimeenda kule mara mingi. Lakini nikamuambia aulize muntu mwingine.

Nyinyi batoto ba kambi benye munafanya kazi ya mtandao, na wewe mwenye unajipa jina na kwenu kwa uongo, nakuomba kwa magoti. Muntu akikuuliza kitu huijui, sema sijui. Utapoteza kazi, utalala njaa, asubuhi itakuja. Lakini usimuandikie muntu mwenye eko taabuni kwamba unakuja, na we huna njia ya kufika. Mi niliandika, nikazima simu, na muzee wa bantu akabaki kwa baridi akiningoja.