Rangi ya Silva Jikoni kwa Mama

Harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa petroli hainikumbushi gereji. Inanikumbusha maharage. Msimu mmoja wa masika pale kijijini kwetu Kinyala, maharage, viazi, hata uji wa mdogo wangu, vyote vilinuka rangi, kwa sababu babu mzaa baba alikuwa ameamua kufufua pikipiki yake ya zamani, iliyolala bandani hadi kuku wakaigeuza kiota. Alitaka kuiendesha kwenda kanisani siku ya Pasaka. Aliifungua injini yote, akaisugua kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, kisha akaanza kupaka: silinda silva, vifuniko vya pembeni vyeusi, bomba la moshi silva tena. Kazi safi, lazima niseme. Tatizo ni kwamba masika kwetu hakuna kitu kinachokauka. Hata sare za shule tulizivaa zikiwa na unyevu. Basi babu akahamishia vyuma vyake jikoni kwa mama, akavitundika kwa waya juu ya mafiga, akaweka kigoda chake mlangoni.

Msomaji asiye wa kwetu atauliza shida iko wapi. Shida ni kwamba mkamwana wa Kinyakyusa, kwa desturi za wakati ule, alimkwepa baba mkwe. Hakupita mbele yake, hakumtazama usoni, hakuzungumza naye. Mkwe muungwana alikohoa akiwa bado mbali ili mwanamke apate nafasi ya kujitenga. Babu alikuwa ameacha kukohoa. Aliujua mwiko huo kama alivyozijua spana zake, na aliutumia vilevile, kwa kukaza. Baba alipompelekea mbuzi ili aulegeze, alimla mbuzi na mwiko akauacha ulivyo. Baba mwenyewe alifanya kazi kiwanda cha chai, alirudi mwisho wa wiki, na akiwa nyumbani aliisifia rangi.

Mama akahamia migombani nyuma ya nyumba, akapikia chini ya bati lililoegemezwa kwenye mti, mvua ikimpiga mgongoni, na mgongoni ndiko alikombeba mdogo wangu. Mtoto akaanza kukohoa. Habari zote kati ya jikoni na migombani zilipitia kwangu.

“Gwe Tumpe,” babu aliniita, jicho lake likiwa kwenye silinda, “mwambie mama yako mtoto akohoe polepole. Ananitikisa brashi.”

Nilifikisha. Mama aligeuza kiazi kwenye majivu. “Muulize babu yako jiko atanirudishia lini.”

“Mwambie rangi ikikauka.”

Haikukauka. Kila ilipokaribia, babu aliona jivu limeganda juu yake, akaikwangua yote na kuanza upya. Nadhani hakuwa na haraka. Mle ndani kulikuwa na joto.

Juma moja kabla ya Pasaka alikata tamaa ya kusubiri rangi ikauke, akaifunga injini hivyohivyo. Baba alikuwa kazini. Babu akaisimamisha pikipiki katikati ya uwanja, akapiga kiki hadi jasho likamtoka, na ghafla ikanguruma. Alicheka kama mtoto. Akaiacha ingurume, akaiongezea mafuta zaidi na zaidi, rangi ikaanza kutoa moshi, akaipanda. Stendi ikazama kwenye tope, pikipiki ikalala ubavu, babu chini yake, mguu ukiwa umebanwa na bomba la moshi.

“Gwe Tumpe! Mwite mama yako! Mwite upesi!”

Mama alikuwa anatoka kisimani, ndoo kichwani. Aliona. Akasimama, akavuta khanga ikamfunika uso, kisha akageuka kwa utaratibu, bila kumwaga tone, akashika njia ya migombani.

“Mama, babu anaungua!”

“Nimemsikia. Mwambie mkamwana hapiti mbele ya mkwe wake.” Akaitua ndoo. “Nenda kamwite jirani. Usikimbie, kunateleza.”

Nilikimbia. Jirani na wanawe walipomwinua, rangi ilikuwa imenata kwenye muundi, na ilipobanduka haikubanduka peke yake. Siku ya Pasaka babu alikwenda kanisani kwa miguu, kwa fimbo. Na kule kanisani kina mama wazee walimsifu mama: mke mwenye heshima kiasi kile, hata mkwe akiwa katika hali ile! Babu alisikiliza na kutikisa kichwa kukubali. Angelalamika vipi? Jiko lilirudi kwa mama, mdogo wangu akapona kifua, na tangu hapo babu alianza kukohoa tokea barabarani.

Nilipokuwa chuo kikuu niliandika kazi ndefu juu ya miiko ya ukwe. Nilieleza kwa maneno makubwa jinsi inavyomkandamiza mwanamke, na nikapewa alama nzuri. Mama nilimsomea kidogo, alisinzia. Leo naishi Mbeya, na baba mkwe wangu, mstaafu mwenye afya tele, huja kwetu na kukaa miezi. Ananiita binti. Anaingia jikoni, anafunua sufuria, anauliza kama chuoni hawakutufundisha kuweka chumvi. Ninamwamkia, ninapita mbele yake na chai, ninatabasamu. Tumestaarabika. Akianguka leo pale sebuleni, hakuna mila yoyote ya kunizuia, na mimi nitalazimika kumwinua.