Mkono Kwenye Bega la Nahodha

"Mkono huu wa nani?"

Ndivyo alivyoniuliza mzee mmoja nisiyemjua. Nakueleza mapema kwamba haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa shoga yangu, wala si gizani ambako mtu anaweza kusingizia macho. Ilikuwa saa saba mchana, Mkunazini, jua la utosi. Ukitaka kuamini amini, hutaki acha, lakini usinichekee.

Kwanza uijue kazi yangu. Nimesoma takwimu chuo kikuu, na tangu nimalize nakusanya picha za zamani za mpira wa miguu za Unguja. Nina jezi mbili zilizoliwa na nondo, filimbi ya refa, na picha zaidi ya mia, nimezipanga kwenye chumba cha chini cha nyumba ya shangazi. Wenzangu wananiuliza kama shahada nzima imeishia kwenye kuhesabu marehemu. Nimewazoea hao. Wanaoniudhi ni wenye hoteli za Kendwa, wanaotaka kutundika picha zile kwenye baa zao bila majina, kana kwamba watu wale walizaliwa wawe mapambo. Mimi sitoi picha isiyo na majina. Nyuma ya kila moja naandika kwa penseli nani ni nani, kuanzia kushoto.

Basi kule Amani kulikuwa na bibi mmoja, Bi Mwanakheri. Baba yake alikuwa kipa wa timu ikiitwa Radi. "Kafa miye sijaanza kutambaa," aliniambia. "Sura yake siijui. Mama alisema picha hakuna. Ukimpata, mwanangu, fanya haraka, macho haya yananiaga." Nikamwahidi. Miaka miwili natafuta, kila nikienda kumwamkia ananiuliza, na kila mara naondoka nimeinamisha kichwa.

Mwisho nikaipata picha ya Radi kwa muuza vitu vya kale, jina la timu limeandikwa kwa chokaa juu ya mpira. Nikahesabu wachezaji: kumi. Kipa hayumo. Upande wa kulia picha ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka, na juu ya bega la nahodha, aliyesimama mwisho, kulikuwa na vidole vinne vya mtu asiyekuwepo. Hebu niambie, ungefanya nini? Mimi nililia kwa hasira. Nani anamkata binadamu mwenzake kama pindo la kanga? Sikumwambia Bi Mwanakheri. Ningemwambia nini, kwamba nimempatia vidole?

Siku ya pili yake, picha ipo mezani na fremu kando, akaingia mzee mrefu, amevaa koti la kaki juu ya kanzu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu. Akaichukua picha bila kuomba ruhusa, akaniuliza lile swali.

"Sijui, mzee."

"Hujui, na fremu ushaitayarisha?"

Kisha akaanza kuwataja, kuanzia kushoto, jina na baba yake, na mimi naandika mbio mbio. Alipomtaja nahodha akaishia hapo.

"Na huyu wa mwisho?" nikauliza.

"Nikutajie wa nini, na mshamkata?"

"Mimi sikumkata."

"Kila mtu husema hivyo."

Sasa fikiria. Miaka yote hiyo nahangaikia majina ya watu hawa, halafu anakuja mtu nisiyemjua kunisingizia chumbani kwangu kwamba nimemkata mtu. Damu ikanichemka. Na yeye, juu ya hayo, akanirudishia picha kwa mkono wa kushoto. Kwetu hapa mtoto hupigwa kofi kwa kosa hilo.

"Mzee, unisamehe," nikamwambia, "lakini hata mtoto wa chuo cha Kurani hanipi kitu kwa kushoto."

"Wa kulia mnao nyinyi," akasema.

Ndipo nikaona mkono wa kulia wa koti lake umelala mtupu. Niliona haya, wallahi niliona haya, na haya ile ikanizidishia hasira. Nikadhani mzee kilema ananifanyia mzaha kwa vile vidole vya pichani.

"Nenda leo kwa Mwanakheri," akasema. "Mwambie kipande hakijapotea. Anacho mwenyewe."

Sikuwa nimemtaja Bi Mwanakheri. Lakini mji huu mtu akipiga chafya Malindi anaombewa afya Vuga, kwa hiyo nikamwuliza nani kamtuma, na ushahidi wake ni upi, na kwa nini asiende mwenyewe.

"Wewe peleka tu," akasema akitoka. "Hukuombwa uamini."

Nikamfuata nimwulize jina. Kichochoro kile kimenyooka, hakina mlango mwingine ila wa jirani mpaka kinapokata kona. Hakuna mtu. Bi Time, jirani, alikuwa barazani kwake akichagua mchele.

"Unagombana na nani peke yako?" akaniuliza. "Mtaa mzima unakusikia."

"Na huyo mzee aliyetoka."

"Katoka nani? Miye nipo hapa tangu adhana. Umekula?"

"Nshakula, Bi Time."

"Basi soma Kul-huwallahu ufunge mlango."

Je, nilikwenda Amani? Sikwenda. Nilijiambia ni ukatili kumpelekea bibi wa watu maneno ya mtu asiye na jina. Nilitaka ushahidi kwanza. Siku nane nikazunguka na orodha yangu, mpaka nikampata mchezaji mmoja wa zamani aliyewajua Radi. Akaisoma, akavua miwani. Majina yote kumi yalikuwa sawa, kwa mpangilio uleule. "Huyu wa tatu hata mimi nilishamsahau," akasema.

Siku ya tisa nikaenda Amani. Nilikuta majamvi yametandikwa nje na wanawake wa mtaani wamekaa. Bi Mwanakheri alizikwa jana yake.

Tangu hapo adhuhuri sifungui chumba, na vidole vile siviangalii. Watu wananiambia alikuwa jini, nami nakasirika. Jini gani anayejua safu ya timu ya mpira? Wengine wananiambia ni jua, na hao nawakasirikia vilevile, kwa sababu jua halijui jina la mtu na la baba yake. Ninayemkasirikia zaidi ya wote unamjua. Kwa hiyo nakuonya: ukipewa ujumbe wa mtu, upeleke siku hiyohiyo. Ukitaka kuuhoji, uhoji njiani, miguu ikiwa inakwenda.

Zaidi ya mwaka ulipita, ndipo mpwa wa Bi Mwanakheri aliponipigia simu. Waoshaji wa maiti walimkata Bi Mwanakheri hirizi ya ngozi aliyovishwa na mama yake alipokuwa mchanga, akaivaa maisha yake yote akibadilisha uzi tu, kwa kuwa hirizi haifunguliwi. Mpwa aliihifadhi kabatini, panya wakaitafuna. Ndani mlikuwa na kipande cha picha: kijana aliyevaa sweta la kipa, anacheka, na mkono wake wa kulia umekatikia kwenye kiganja.